Sura ya Kale katika Mwili Mpya

Katika masoko ya magari ya Marekani, na hasa katika jimbo la California ambako desturi ya kuyaunda upya magari ya kale ilizaliwa, aghalabu hunadiwa gari ambalo mwenyewe hulieleza kwa maneno machache: Ford ya mwaka 1932, rodista, yaani gari wazi la viti viwili lisilo na paa la kudumu wala vioo vya ubavuni, limejengwa kwa mkono, limepakwa rangi nyeusi ing'aayo, na injini yake ina nguvu nyingi. Mwenye kulitazama kwa mbali hulipenda, kwa sababu umbo lake lina unyofu na kiasi ambavyo magari ya siku hizi yamevipoteza. Lakini akisogea, akainama na kulichungua kipande kwa kipande, hukuta kwamba bodi yake ni ya faiba iliyomiminwa katika kalibu miaka michache iliyopita. Kwamba fremu yake imeungwa kwa chuma kipya. Kwamba injini yake ni ya Chevrolet, yenye silinda 8 na ujazo wa lita 5.7, ya aina iliyoanza kutolewa mwaka 1967, miaka 35 baada ya mwaka uliotajwa na mnadi. Kwamba gia zake hujibadilisha zenyewe na breki zake za mbele ni za diski. Na kwamba matairi yake, ijapokuwa yana ubavu mweupe wa mtindo wa zamani, yametoka kiwandani juzi. Katika kitu chote hicho kilichoitwa cha mwaka 1932, yamkini hapana hata parafujo moja iliyouona mwaka huo.

Hapo huzaliwa swali ambalo mafundi na madalali hawawezi kuachiwa wao peke yao, kwa kuwa linamgusa kila mtu atengenezaye, auzaye, anunuaye au arithiye kitu chochote: je, kitu kilichovaa umbo la zama ambazo hakikuziishi ni kitu cha kweli, au ni uongo uliopakwa rangi? Na ikiwa uongo upo, umekaa wapi: katika chuma, katika mkono wa fundi, katika ulimi wa muuzaji, au katika hawaa ya mnunuzi?

Ili kuhukumu kwa insafu, yapasa kwanza kuijua asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1932, Marekani ilipokuwa imezama katika dhiki kuu ya uchumi, Henry Ford alitoa gari lenye injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V, aina ya injini ambayo kabla ya hapo ilikuwa starehe ya matajiri. Na siri ya kuweza kwake ilikuwa kuumimina mwili wote wa injini katika kipande kimoja cha chuma, jambo lililopunguza gharama hata rodista ya kawaida ikauzwa kwa bei isiyofika dola 500. Nguvu zake zilikuwa za farasi 65, nazo kwa wakati ule na kwa bei ile zilikuwa ajabu. Magari hayo yalipochakaa na kushuka thamani, vijana wa Los Angeles na vitongoji vyake, wengi wao wakiwa na akili nyingi na fedha chache, waliyanunua kwa bei ya vyuma vikuukuu, wakayavua madigadi, paa na kila kilicholemea bila kuongeza mwendo, wakashusha bodi karibu na ardhi, wakaongeza kabureta, kisha wakayaendesha hadi katika maziwa makavu ya jangwa la Mojave, kama Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni ngumu na tambarare hata upeo wa macho, wakashindana na saa. Mwaka 1937 vyama vyao viliungana katika Southern California Timing Association ili mbio zipimwe kwa haki. Vita vikuu vya pili vilipokwisha, askari waliorudi na ujuzi wa mitambo waliizidisha shughuli hiyo. Januari 1948 Robert Petersen alianza kutoa gazeti la Hot Rod. Na mwaka 1949 mashindano yalipelekwa katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimboni Utah. Magari ya namna hii ndiyo yaitwayo hotirodi.

Ni wajibu kutambua jambo moja katika historia hiyo, nalo ni kwamba wazee wa kazi hii hawakuwa wahifadhi. Hawakulitazama gari la Ford kwa taadhima, wala hawakuogopa kulikata. Walichukua fremu ya mwaka huu wakaipandisha bodi ya mwaka ule, wakatia gia za gari la tatu, na kama injini nzuri zaidi ingepatikana kesho, ile ya leo ingeng'olewa bila machozi. Kwa hiyo amlaumuye fundi wa leo kwa kuwa hakuacha kila chuma kilichotoka kwa Ford mahali pake, humlaumu kwa kufuata sunna ya kazi yake. Hotirodi tangu siku yake ya kwanza ilikuwa kitu kilichofanywa upya, na katika kufanywa upya ndimo ulimo uhai wake. Kisha miaka ikapita, kutu ikala, ajali zikapunguza, wapenzi wakaongezeka, na bodi za asili zikawa adimu. Ndipo wengine wakaanza kuzitengeneza upya kwa chuma, kama wafanyavyo watu wa Brookville, jimboni Ohio, na wengine wakazimimina kwa faiba, ile ile inayotumika kuundia boti za uvuvi. Umbo likapata miili mipya kwa sababu miili ya kwanza haikutosha.

Wanafalsafa waliwahi kulitafakari jambo hili kabla gari halijaundwa. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya mahali pake, hata wenye hikima wakagawanyika, hawa wakisema ni merikebu ile ile, na hawa wakisema si ile tena. Karne nyingi baadaye Thomas Hobbes, Mwingereza, aliliongezea swali ukali: je, kama mtu angeziokota mbao zote kuukuu zilizotupwa na kuziunga tena kwa mpango wake wa kwanza, merikebu ya Theseus ingekuwa ipi kati ya hizo mbili? Lakini hotirodi mpya inatutia katika tatizo gumu kupita la Hobbes, maana merikebu ya Athens, hata ubao wake wa mwisho ulipobadilishwa, ilikuwa na mfululizo, kila ubao mpya ukilala jirani ya mkongwe uliokuwapo kabla yake; ilhali rodista ya faiba haina mfululizo na gari lolote la mwaka 1932. Haikurithi ubao wala chuma. Ilichorithi ni umbo tu, nalo umbo laweza kurithiwa na wengi kwa mara moja bila kumpunguzia yeyote.

Hapa twapata msaada katika habari ya jengo tukufu kuliko majengo yote machoni pa Waislamu, nami nalitaja kwa staha, si kwa kulilinganisha na gari, bali kwa kuwa lafundisha nini hudumu na nini hubadilika. Al-Kaaba imejengwa upya mara kadhaa. Makureshi waliijenga kabla Mtume Muhammad hajapewa utume. Abdullah bin Zubair akaijenga na kuipanua. Al-Hajjaj akairudisha katika kipimo cha Makureshi. Na katika karne ya 17, baada ya mafuriko kuiangusha, ilijengwa tena katika enzi ya Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya. Hapana Mwislamu asemaye kwamba Nyumba ile si Nyumba ile, kwa sababu mahali ni pale pale, kusudi ni lile lile, na umma haukukatika katika kuielekea. Tena imo katika habari hiyo nasaha ambayo kila mjenzi na kila muuzaji angefaa kuisikia: husimuliwa kwamba Makureshi waliazimu wasitie katika ujenzi ule ila mali ya halali, na mali hiyo ilipowapungukia, waliacha nje sehemu ya upande mmoja, wakaizungushia ukuta mfupi ili watu wajue kwamba na pale ni pa Nyumba. Hawakuificha kasoro ya jengo, waliiwekea alama. Ukuta ule mfupi unamwambia kila azungukaye, kizazi baada ya kizazi, kilichotimia na kilichopungua.

Kutokana na hayo nadai kwamba kuna vitu viwili ambavyo lugha ya sokoni huvichanganya na ambavyo dhamiri haina budi kuvitenga. Cha kwanza ni umbo, na cha pili ni tarehe ya kitu, yaani yale yaliyokipata tangu kilipotoka mkononi mwa mwenye kukifanya. Umbo ni mali ya wote wawezao kulijifunza. Fundi anayelisoma gari la mwaka 1932 hata akajua kwa nini mstari wa ubavu wake unapendeza, akaweza kuufanya tena kwa mkono wake, hakumwibia mtu. Amewaheshimu waliomtangulia kwa heshima kubwa kuliko ya maneno. Seremala wa Unguja achongaye leo mlango wenye nakshi za zamani ni fundi wa halali na mwenye kustahiki sifa. Lakini akiufukiza moshi, akaupiga minyororo ili uonekane umechakaa, kisha akamwambia mgeni kwamba ulitoka katika nyumba ya zama za Sultani Sayyid Said, amegeuka mwizi, ijapokuwa nakshi haikubadilika hata chembe. Umbo lile lile lilikuwa sadaka ya ujuzi asubuhi, na jioni limekuwa chombo cha hadaa. Na kilichobadilika kati ya asubuhi na jioni ni ushahidi wa mwanadamu.

Kwa maana hiyo tarehe ya kitu haitengenezwi. Haipatikani kiwandani, haipakwi kwa brashi, haipigwi kwa nyundo. Hupatikana kwa kuishi tu. Gari ambalo kweli lilikimbia Muroc kabla ya vita, likiwa limeshikwa na kijana ambaye pengine hakurudi kutoka Pasifiki, lina kitu ambacho rodista nzuri kuliko zote zilizojengwa mwaka jana haina, na kitu hicho hakiongezi mwendo wala uzuri, walakini watu wenye akili timamu hukilipia fedha nyingi, kwa sababu kukikaribia ni kukaribia maisha ya waliokuwako. Basi mtu atiaye kutu ya dawa juu ya chuma kipya, au apigaye namba ya fremu ya kale katika fremu iliyoungwa jana, huku akinyamaza au akinena ili adhaniwe kauza kitu cha zamani, hakumdhulumu mnunuzi peke yake. Amewadhulumu pia wafu, kwa kuichukua sehemu ya umri wao na kuifanyia biashara bila idhini, nao hawana kinywa cha kudai.

Sheria za dini hazikuliacha jambo hili wazi. Imepokewa kwamba Mtume alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali alipojitetea kwa kusema kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea, aliulizwa kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, akaonywa kwamba mwenye kughushi amejitoa katika kundi la waaminio. Kadhalika alikataza kumfunga maziwa mnyama anayeuzwa, ngamia au mbuzi, asikamwe siku kadhaa ili kiwele kivimbe na mnunuzi adhani kwamba kila siku hutoa kiasi kile, na akampa aliyehadaiwa haki ya kumrudisha. Mafakihi, pamoja na wale wa madhehebu ya Shafi'i yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, walijenga juu ya misingi hiyo mlango mzima wa hiari ya mnunuzi anapogundua aibu iliyofichwa. Tazama jinsi mfano wa kiwele ulivyo wa karibu na jambo letu: maziwa yale ni ya kweli, mnyama ni wa kweli, hapana neno la uongo lililotamkwa, lakini umbo limepangwa ili liseme habari ambayo hali haiungi mkono. Uongo usio na maneno nao ni uongo.

Hata sheria za dunia, zisizodai kuhukumu nyoyo, zimeona haja ya kutenga mambo haya mawili. Katika California kuna utaratibu wa magari yaliyojengwa makhsusi, ambao huyaruhusu magari 500 ya kwanza kila mwaka yakaguliwe moshi wake kwa kipimo cha mwaka ambao bodi au injini yake inafanana nao. Sheria imekubali kufanana, ikaupa mfanano haki yake, lakini haikusema kwamba kilichofanana kilizaliwa mwaka huo. Muuzaji asemaye kwamba gari lake ni la mwaka 1932 kwa sababu tu hati yataja mwaka huo, amejificha nyuma ya karatasi. Na karatasi yaweza kumwokoa mbele ya karani isimwokoe mbele ya Mwenyezi Mungu.

Atasema mtu kwamba tumemtwika muuzaji mzigo wote, ilhali Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari zuri halina haja ya maelezo. Namjibu kwamba kizuri chaweza kujiuza kwa uzuri wake, lakini hakiwezi kujishuhudia asili yake. Uzuri huonekana, na asili husimuliwa. Wala mnunuzi hakuachwa bila wajibu. Wapo wanunuzi ambao hawataki kuelezwa ukweli, wanaolipia ndoto na kukasirika waamshwapo, na kila shilingi wanayotoa kwa ajili ya ndoto hiyo humfundisha muuzaji mwingine kwamba uongo una soko. Anunuaye sura ya mwaka 1932 yampasa akumbuke kwamba mwaka ule ulikuwa wa njaa kwa mamilioni, na kwamba gari alipendalo lilizaliwa katika uhaba, kwa bidii ya vijana waliotumia akili mahali pa fedha. Leo umbo lile hununuliwa kwa fedha nyingi na watu ambao wengi wao hawajapata kushika spana. Si haramu kwa tajiri kupenda kazi ya maskini, na mapenzi hayo yaweza kuwa shukrani. Lakini ushujaa wa waliotangulia haumo katika bei, na akiambiwa umo, ajue kwamba anaghururiwa.

Na sasa tulipandishe swali hadi kwa mwanadamu mwenyewe, kwa kuwa huko ndiko liendako. Mwili wa mtu nao hubadilika, chakula kikiingia na vipande vya kale vikitoka, hata mzee wa miaka 70 hana mwilini mwake kiasi kikubwa cha kile alichozaliwa nacho. Walakini deni aliloandika ujanani ni lake, ahadi aliyoweka ni yake, na toba anayoleta uzeeni ni kwa dhambi zile zile. Imamu Al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alipotetea ufufuo wa miili, aliukabili ugumu wa mwili ulioliwa na udongo kwa kujibu kwamba nafsi yaweza kurudishiwa mwili, uwe wa maada ile ya kwanza, au nyingine, au iliyoumbwa upya, kwani mtu ni mtu kwa nafsi yake, na mwili wake ulikuwa ukibadilika hata alipokuwa hai. Ikiwa ni hivyo, mwanadamu huweza kufanywa upya wote asiipoteze tarehe yake, kwa kuwa ndani yake kuna kiibebacho.

Gari halina nafsi. Hapa ndipo penye tofauti ambayo hukumu yote imeegemea. Kitu kisicho na roho hakiwezi kuikumbuka safari yake wala kuikana ya uongo kinayosingiziwa. Kumbukumbu yake yote imewekwa amana katika vinywa na maandishi ya watu, na amana hiyo ikivunjwa, hapana pengine pa kuikimbilia. Mtu akidai nasaba isiyo yake, jambo ambalo dini imelikataza vikali, angalau nafsi yake yamshuhudia kwamba amesema uongo; lakini gari lililopewa nasaba ya bandia halina shahidi ndani yake, na wenye kujua wakifa, uongo hurithiwa kama kweli, ukaingia vitabuni na katika majumba ya kumbukumbu, na watoto wakafundishwa maisha ambayo hayakuishiwa na yeyote. Kwa hiyo ukweli juu ya vitu ni mzigo mzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu vitu vyenyewe havitusaidii kuubeba.

Alhasili, gari jipya lenye sura ya kale halisemi uongo kwa kuwa jipya, wala kwa kuwa na sura ya kale. Fundi aliyelijenga ana haki ya kujivunia kazi yake kwa jina lake na kwa mwaka wake, na namsihi asiuone mwaka wake kuwa duni, kwani vijana wa Muroc nao hawakuwa na mwaka mwingine ila wao. Muuzaji na aandike waziwazi kwamba bodi hii ni ya faiba, ilimiminwa mwaka fulani. Fremu hii imeungwa na fundi fulani. Injini hii ilitoka katika gari la namna fulani. Na umbo hili ni la Ford ya mwaka 1932. Tangazo la namna hiyo haliwezi kuwa fupi, na pengine litapunguza bei. Lakini kwalo mnunuzi atapata kile kile alicholipia, fundi atapata sifa iliyo yake bila kuazima ya mwingine, na waliotangulia watabaki na kazi yao, mbio zao na miaka yao. Ni watu watatu wenye haki katika uuzaji mmoja, na mmoja wao ni marehemu. Ajuaye kwamba huyo naye ana haki, na akaitimiza ingawa hapana wa kumshitaki, huyo ndiye mfanyabiashara mwaminifu.